Nani alilipa tiketi? Mabishano ya ziara za viongozi, kutoka Kitui na Makueni hadi Washington

Mwanzoni mwa 2011 Kalonzo Musyoka, mwana wa Tseikuru kaskazini mwa Kitui na Makamu wa Rais wakati huo, alikuwa hatulii nyumbani. Leo yuko jiji kuu hili la Afrika, kesho lile, akiwaomba marais waiunge mkono Kenya ili kesi za washukiwa sita wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziahirishwe katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwishoni mwa Januari Umoja wa Afrika, ukikutana Addis Ababa, ulilikubali ombi hilo. Machi ujumbe wa Kenya ukafika New York kulisukuma mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Shida ni kwamba serikali ilikuwa na vichwa viwili. ODM ya Waziri Mkuu Raila Odinga, mshirika wa PNU ya Rais Mwai Kibaki katika serikali ya muungano, ilisema haikuhusishwa na ikaliandikia Baraza la Usalama barua ya kulipinga ombi la serikali ambayo yenyewe ilikuwa ndani yake. Aprili Baraza likakataa kuahirisha kesi. Nyumbani likabaki swali ambalo wanasiasa walirushiana bila kulijibu: ikiwa nusu ya serikali imeikana safari, hiyo ni safari ya taifa au ya chama? Na ikiwa ni ya chama, mbona mlipa ushuru ndiye aliyeigharamia?

Naanzia hapo kwa sababu Ukambani, eneo lenye kaunti za Kitui na Makueni, umeonja mabishano haya kila upande. Mwaka 2011 kiongozi wake mkuu ndiye aliyekuwa akisafiri na wengine wakidai hesabu. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Kalonzo alijikuta katika upinzani, na ugomvi wa matumizi ya fedha ukahamia mashinani, ndani ya kaunti changa.

Makueni ilichagua gavana Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyekuwa mstari wa mbele kudai katiba mpya miaka ya 1990. Aliingia kwa tiketi ya Muungano, chama kidogo, huku Wiper ya Kalonzo ikitawala bunge la kaunti. Jirani zao wa Kitui walimchagua Julius Malombe wa Wiper, hivyo kule gavana na wawakilishi wadi wengi walikuwa wa chama kimoja. Mjini Wote, makao makuu ya Makueni, hapakukalika. Gavana na wawakilishi wadi walivutana juu ya bajeti: bunge lipate kiasi gani kwa matumizi yake, na kiasi gani kiende kwenye barabara, maji na zahanati. Kwa lugha ya wahasibu, safari za nje, marupurupu ya kulala nje ya kituo cha kazi na masurufu ya mkononi huwekwa katika matumizi ya kawaida. Ni fungu ambalo ni rahisi sana kulinenepesha na vigumu kwa mkulima wa Mbooni au Kibwezi kuliona.

Makueni haikuwa peke yake. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya ugatuzi ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Agnes Odhiambo, zililalamikia mara kwa mara mabilioni yaliyokuwa yakiteketea kwa usafiri katika kaunti, mengine yakiwapeleka wawakilishi wadi ng'ambo kwa zilizoitwa ziara za mafunzo. Wizara ya Ugatuzi ikadai maafisa wa kaunti waombe kibali kabla ya kusafiri, na magavana wakaona wanafungwa kamba na Nairobi.

Lakini hakuna pengine palipofika ilipofika Makueni. Septemba 2014 pande mbili zilikabiliana Wote, risasi zikalia na watu wakajeruhiwa, akiwemo mkuu wa wafanyakazi wa gavana. Wananchi wakaanza kukusanya sahihi za kuivunja serikali yao wenyewe, kwa kuwa sheria inaruhusu ombi hilo likiungwa mkono na asilimia 10 ya wapiga kura wa kaunti. Rais Uhuru Kenyatta aliunda tume chini ya wakili Mohamed Nyaoga mwaka 2015. Tume ikasikiliza ushahidi na kupendekeza kaunti ivunjwe. Septemba mwaka huohuo Rais akakataa. Hukumu ikaachiwa wapiga kura, nao 2017 wakamrudisha Kibwana, safari hii kwa tiketi ya Wiper ileile, na kuwaangusha wengi wa wawakilishi waliopigana naye. Kwangu mimi huo ndio ukaguzi mkali kuliko wowote uliowahi kufanyiwa bajeti ya kaunti nchini Kenya.

Hata hivyo tiketi na hoteli ni kiasi kidogo. Bili kubwa huja na kinachotiwa saini ugenini. Agosti 2013 Uhuru alizuru Beijing na kurudi na mikataba iliyotajwa kuwa ya takriban dola bilioni 5, reli mpya ikiwemo. Reli hiyo ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, inaikata Makueni kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Iligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba zabuni yake ilikiuka sheria. Sehemu ya nakala za mkataba wa mkopo iliwekwa hadharani Novemba 2022 tu, na waziri wa serikali mpya, Kipchumba Murkomen. Miaka mitano na zaidi watu wa Emali waliona treni ikipita bila kuruhusiwa kusoma walichokopewa.

Serikali hiyo mpya nayo ikapata zamu yake ya kuulizwa. Mei 2024 Rais William Ruto alikwenda Marekani, ziara ya kwanza ya hadhi ya kitaifa kwa rais wa Kenya tangu Mwai Kibaki 2003, akianzia Atlanta kuonana na wafanyabiashara kabla ya Washington. Alisafiri kwa ndege ya kifahari ya kukodi kutoka Imarati, na makadirio ya magazeti yakawa mamia ya mamilioni ya shilingi. Ruto akajibu kwamba gharama haikufika milioni 10 kwa sababu marafiki walisaidia. Wafuasi wake walitulia. Mimi naona jibu hilo lilifungua mlango mpana zaidi. Kifungu cha 76 cha Katiba kinasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri. Basi Jamhuri ina haki ya kujua aliyeitoa ni nani na anatarajia nini. Wiki chache baadaye vijana walifurika barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 5 Julai Rais akasimamisha safari zote zisizo za lazima za maafisa wa serikali.

Huko Marekani kwenyewe baadhi ya majimbo yamejaribu njia ya marafiki. Jimbo la Indiana kwa miaka mingi limegharamia ziara za kibiashara za magavana wake kwa michango ya watu binafsi inayopitia wakfu maalumu. Mlipa ushuru anaokoa tiketi, lakini mchangiaji anapata kuketi karibu na gavana. Nisingependa Kitui wala Makueni ziige hilo.

Kaunti hizi zinachohitaji zaidi ni kupima faida ya safari. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na wakulima wa Makueni wakaumia. Soko lilifunguliwa tena 2021. Kazi iliyolifungua ilifanyika mashambani: mitego ya nzi, kuokota na kuzika maembe yaliyooza, na wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, wakitembelea miti. Ndengu za Kitui zinangoja kazi ya aina hiyohiyo. Ujumbe utakaoondoka kesho kwenda kuzitafutia soko uache kwanza mezani mwa bunge la kaunti orodha ya wasafiri, aliyelipa, na jina la mnunuzi wanayekwenda kumwona. Ukirudi, hati zilizosainiwa zipelekwe hapohapo kabla mwezi haujaisha. Kifungu cha 35 cha Katiba tayari kinampa kila raia haki ya kuziomba.