Pareto ya Nakuru na Ilimu ya Kuikata

Wenyeji wa nyanda za juu za Nakuru, kuanzia Molo na Mau Narok hata Kuresoi, wamelijua ua la pareto kwa takriban miaka mia; na ijapokuwa ua lenyewe ni dogo, jeupe, lenye kitovu cha manjano, ndilo lililoipa Kenya hadhi katika tijara ya dunia ambayo mazao machache yaliweza kuipa. Asili yake ni Dalmatia, katika pwani ya Bahari ya Adria, ambako maua makavu yalisagwa na unga wake ukaua viroboto na kunguni. Japani nayo ikaipanda, na mwaka 1890 Eiichiro Ueyama akautia unga huo katika udi wa kufukuzia mbu. Kenya iliipata mbegu mwaka 1928.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoikweza. Japani, iliyokuwa ikiongoza kwa kuuza pareto, iligeuka adui, na majeshi ya Uingereza na Marekani, yaliyosumbuliwa na malaria na chawa, yakaitegemea Kenya. Walowezi walipanua mashamba yao upesi, na tangu mwaka 1942 serikali ya kikoloni ikaruhusu Waafrika kuandikwa kwa nguvu katika mashamba yaliyohesabiwa kuwa ya lazima kwa vita, ya pareto yakiwamo. Jambo hilo halistahili kusahauliwa kila zao hilo linaposifiwa. Baada ya uhuru, mashamba makubwa yalipokatwakatwa na kugawiwa, pareto iliingia mikononi mwa wakulima wadogo, nao ndio walioifikisha Kenya mahali pa kutoa sehemu kubwa kabisa ya pareto yote ya dunia, kiwanda cha kuisindika kikiwa papa hapa Nakuru.

Watu husifu uchumaji, nao ni kazi ya ustadi: mchumaji hulishika ua kati ya vidole, akalivunja shingoni kwa dole gumba bila kuacha kikonyo, akachagua yale tu ambayo duru za nje za kitovu zimefunguka, kwa kuwa ua changa halijajaa sumu. Akirudi nyumbani, huyatandaza siku ile ile, maana yakilala rundo yakiwa mabichi yatavunda. Na katika kilo 4 au 5 za maua mabichi hubakia kilo 1 tu ya makavu. Lakini kazi ambayo haisifiwi, nami naiona kubwa kuliko hiyo, ni ile inayofuata msimu ukiisha, katika kiangazi cha mwanzo wa mwaka, pale shamba linapojaa mabua makavu ya kahawia. Mkulima hodari huyakata yote kwa mundu, akauacha mche mfupi na majani yake ya kijani chini, kisha akapalilia na kulegeza udongo, ili mvua za masika zikifika, machipukizi yapate mwangaza. Mabua yakiachwa, husongamanisha shina, na mchumaji wa msimu ujao hupekua vichwa vilivyokufa akitafuta vilivyo hai.

Malezi hayo yanataka imani kwamba malipo yatakuja, maana jasho la kiangazi halina ujira mpaka maua yachumwe. Imani hiyo ndiyo iliyopotea. Dawa za viwandani zilizoiga sumu ya pareto, hususan permethrini iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1973, zilipunguza soko. Huku nyumbani wakulima wakingoja fedha zao miezi na hata miaka, wakaingia kuing'oa pareto na kupanda viazi. Kisiwa cha Tasmania, huko Australia, kikaipokonya Kenya nafasi yake kwa kuvuna kwa mashine.

Siku hizi miche inagawiwa tena kwa wakulima wa kaunti hii. Ni heri, ila mche bila mundu haufiki mbali: ingefaa bwana shamba arudi katika kila shamba wakati wa kiangazi, awaoneshe vijana, ambao baba zao waliing'oa pareto wao wangali watoto, ni wapi panapokatwa na ni wapi panapoachwa, na aje na habari ya hakika ya siku ambayo maua yatalipwa.