Namba 384 na Udhaifu wa Tasnifu za Afya

Atakayefungua tasnifu za uzamili za tiba na afya ya jamii katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, akaenda moja kwa moja kwenye sura ya mbinu za utafiti, hatachelewa kukutana na namba 384. Pengine imeongezewa asilimia 10 kwa ajili ya wasiojibu, ikawa 422 au 427 kutegemea aliyepiga hesabu. Mada hubadilika: shinikizo la damu kwa waendesha bodaboda, upungufu wa damu kwa wajawazito, uelewa wa wazazi kuhusu chanjo. Namba ni ileile. Makala haya yanadai kwamba namba hiyo ni dalili ya tatizo kubwa: watafiti wetu wanafunzi hawajengi juu ya kazi za waliowatangulia, na vyuo havijawawekea utaratibu wa kufanya hivyo.

Tuanze na hesabu yenyewe. Namba 384 hutokana na kanuni iliyozoeleka ya kukadiria sampuli, yenye viambato vitatu: kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kosa linalovumilika la asilimia 5 juu au chini, na makisio ya awali ya ukubwa wa tatizo, ambayo huwekwa asilimia 50. Makisio haya ya mwisho ndiyo ya kuchunguzwa. Asilimia 50 hutumika pale mtafiti anapokuwa hana taarifa yoyote, kwa sababu ndiyo inayotoa sampuli kubwa kuliko makisio mengine yote. Kwa hiyo anayeandika 384 anatangaza, ajue asijue, kwamba hakuna aliyewahi kupima jambo lake mahali panapofanana na pake. Mara nyingi tangazo hilo si kweli, na ushahidi umo katika sura ya pili ya tasnifu hiyohiyo, ambako tafiti za awali zimetajwa moja baada ya nyingine. Kama tafiti hizo zilikuta tatizo kwa asilimia 20 ya watu, kanuni ileile inadai watu 246 tu. Na kama zilikuta asilimia 4, basi kosa la asilimia 5 halifai kabisa, kwa kuwa limekuwa kubwa kuliko kitu kinachopimwa. Mapitio ya maandiko yameandikwa, lakini hayakutumika.

Si haki kumtupia mwanafunzi lawama hii peke yake. Daktari anayesomea ubingwa huwa na miaka mitatu au minne, na sehemu kubwa huishia wodini, kliniki na kwenye zamu za usiku. Katika muda huo aandike andiko la utafiti, apate kibali cha kamati ya maadili, akusanye takwimu, achambue, aandike na kutetea, mara nyingi kwa fedha za mfukoni mwake. Swali linaloweza kujibiwa na mtu mmoja, katika hospitali moja, kwa miezi michache, ni lile la kuhesabu: wangapi wana tatizo hili, wangapi wanalifahamu. Swali la pili, yaani tufanye nini lipungue, linamshinda kabla hajaanza.

Linamshinda kwa sababu za kihesabu. Tuseme mwanafunzi anataka kuthibitisha kwamba huduma fulani inapunguza tatizo kutoka asilimia 20 hadi 15, na anataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo. Atahitaji watu wapatao 900 kila upande. Hakuna mwanafunzi wa uzamili anayeweza kumudu kazi hiyo peke yake.

Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, unaonyesha jambo hili kwa uzito wake wote. Ulihusu watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, bila kuhusisha wanaoharisha wala wenye utapiamlo mkali. Swali lilitoka wodini: je, kuwaongezea maji kwa kasi kwa dripu, kama miongozo ilivyoelekeza, kunawaokoa? Watoto 3,141 wa kundi kuu, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, walipangwa kwa bahati nasibu. Baada ya saa 48, walikuwa wamefariki asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa maji hayo ya kasi. Matibabu yaliyoaminiwa yalikuwa yakiongeza vifo. Sasa chukua viwango hivyohivyo, uviweke katika tasnifu ya watoto 384, 192 kila upande. Utapata vifo 20 upande mmoja na 14 upande mwingine, tofauti ambayo mtakwimu yeyote ataiita ya kubahatisha. Mwanafunzi angehitimisha kwamba haijaonekana tofauti, angefaulu, na dripu zingeendelea.

Wapo watakaosema kwamba tasnifu ni zoezi la mafunzo. Lengo lake ni kumzoeza mwanafunzi kuuliza, kupima na kutetea, wala haikusudiwi kubadili matibabu. Hoja hii ina ukweli wake, lakini inawasahau wagonjwa. Mama aliyejaza dodoso baada ya kusubiri kliniki tangu alfajiri, au mzee aliyekubali kutolewa damu, aliambiwa kwenye fomu ya ridhaa kwamba mchango wake utasaidia kuboresha huduma. Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti wa tiba tangu mwaka 1964, linataka utafiti unaohusisha watu ujengwe juu ya ujuzi uliokwisha kupatikana, na matokeo yake yatangazwe hata yasipoleta jibu lililotarajiwa. Azimio halikuwaachia wanafunzi mlango wa kutokea.

Isitoshe, mafunzo bora yanawezekana bila kumtenga mwanafunzi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Idara inaweza kukaa na hospitali za mkoa na kuchagua maswali machache ya miaka mitano. Wanafunzi watano wa mwaka mmoja wanaweza kutumia andiko mama moja na dodoso moja katika hospitali tano, kila mmoja akiwa na swali lake dogo la kutetea, huku takwimu zao zikiunganishwa kujibu swali kubwa. Wa mwaka unaofuata wataanzia pale wenzao walipoishia. Mtahini bado ataweza kupima kazi ya kila mmoja, mradi kanuni za chuo zieleze wazi kipi ni cha pamoja na kipi ni cha mtu binafsi.

Vilevile si lazima kila mwanafunzi akusanye takwimu mpya. Tanzania ina vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, katika vituo vya kutolea huduma. Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za bonde la Kilombero tangu 1996, na watafiti wa Kilifi, Kenya, wamekuwa wakifanya hivyo katika eneo lao tangu 2000. Kuchambua vizuri takwimu za miaka 10 ni kazi ngumu ya kitaaluma, na thamani yake yaweza kuzidi ile ya kugawa dodoso jingine.

Mabadiliko haya hayasubiri fedha za wafadhili. Yaanze kwenye kamati za uzamili: andiko lolote linaloleta makisio ya asilimia 50 lirudishwe hadi mwandishi aonyeshe tafiti alizozisoma na kwa nini hazikumfaa. Na msimamizi anayelitia saini aulizwe swali hilohilo kabla ya mwanafunzi wake.