Likizo Iliyokosa Tarehe ya Kurudi

Tangazo lilitoka Kinshasa siku ya Jumanne, tarehe 15 Desemba 2020. Wimbi la pili la korona lilikuwa limepamba moto, na serikali ikatoa amri mbili zilizoigusa Lubumbashi papo hapo. Kuanzia Ijumaa ya wiki ile, hakuna mtu kutembea nje kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Na siku hiyohiyo ya Ijumaa, tarehe 18, shule zote zifungwe. Likizo ya Noeli, iliyokuwa imebakiza siku chache ifike yenyewe, ikavutwa mbele.

Kwa mtu wa nje, hizo siku chache ni kitu kidogo. Kwa mwalimu wa shule ya msingi si kidogo hata kidogo. Kufunga muhula nchini Kongo kuna kazi zake: kusahihisha mitihani, kujumlisha alama za kila somo, kuzigeuza kuwa asilimia, kuwapanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha kuandika yote hayo kwa mkono kwenye bulletin ya kila mmoja, mkurugenzi atie sahihi na mhuri. Mwenye darasa la watoto sitini ana bulletin sitini, na kosa la nukta moja linamleta mzazi mlangoni asubuhi.

Desemba pia ni mwezi wa mvua kubwa mjini. Njia za udongo za Katuba, za Ruashi na za mtaa wa Kenya hugeuka matope mekundu, maembe yamejaa sokoni, na watoto waliovaa mashati meupe na sketi au kaptula za buluu hurudi nyumbani wakiwa wamebeba viatu mkononi. Mwaka ule walikuwa pia na cache-nez, yaani barakoa, nyingi zikiwa zimeshonwa na mama au shangazi kutoka kwenye kipande cha kikwembe, nyingine zimeshushwa kidevuni kwa joto. Mlangoni mwa shule palikuwa na ndoo yenye robine na kipande cha sabuni. Waliagana wakijua kwamba watarudi mwanzoni mwa Januari. Walirudi tarehe 22 Februari 2021.

Ili kuelewa uzito wa wiki hizo, inabidi kurudi nyuma, tena mbali kidogo.

Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ni mji uliozaliwa na shaba na reli. Reli hiyo ilitoka kusini, kutoka Rhodesia, na ndiyo iliyoleta mashine, wafanyakazi, unga, na mwishoni mwa 1918 ikaleta mafua makubwa yaliyokuwa yakiizunguka dunia. Katika mji huo maradhi yalikuwa pia sababu ya kugawa watu. Wakoloni waliacha uwanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, ule tunaouita leo Kamalondo, wakidai kwamba nafasi hiyo inazuia magonjwa yasivuke. Kwa hiyo habari ya kukaa mbalimbali kwa ajili ya afya haikuwa ngeni pale. Bibi na babu wa Kamalondo walikua wakiutazama uwanda huo kila siku.

Shule zilikuja na wamisionari: Wasalesiani kuanzia 1911, Wabenediktini waliofundisha watoto wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière katika kambi zake, na Wamethodisti. Mwaka 1974 dola ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977 ikazirudisha kwa mkataba, na ndiyo maana hadi leo shule nyingi ni za serikali kwa karatasi na za kanisa kwa uendeshaji. Kisha ikaja miaka ya 1990, dola ikashindwa kuwalipa walimu, na wazazi wakaanza kuchanga wenyewe. Mchango ule uliokusudiwa kuwa wa dharura ulidumu zaidi ya miaka 25. Familia ya Lubumbashi iliyouza makala au mboga ya lengalenga ilikuwa ndiyo hazina ya wizara ya elimu, na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitu alifukuzwa darasani mbele ya wenzake.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, ilisema shule ya msingi ya umma ni bure. Utekelezaji ulisubiri miaka 13. Tarehe 2 Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, mwaka wa masomo ulifunguliwa bila karo katika shule za msingi za umma, na watoto wakamiminika. Kukawa na madarasa ya watoto zaidi ya mia moja, watatu au wanne dawati moja, wengine sakafuni. Walioingia darasa la kwanza siku ile ndio ninaowafikiria zaidi katika habari hii. Wengi walikuwa watoto ambao mwaka mmoja nyuma wasingeingia shule kabisa.

Walisoma miezi sita na nusu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Jioni ya tarehe 18 Rais alilihutubia taifa: mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 marufuku, makanisa na baa kufungwa, na shule zote kufungwa kuanzia kesho yake, Alhamisi tarehe 19, kwa wiki nne. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, na saa zake ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo watoto wengi walikuwa wameshalala. Asubuhi waliamka wakaambiwa hakuna masomo. Hapakuwa na bulletin wala kuagana. Daftari zilizoachwa kwa mwalimu zisahihishwe zilibaki kwake.

Siku nne baadaye ikawa zamu ya mji wenyewe. Abiria wawili wa ndege iliyotoka Kinshasa walishukiwa kuwa na ugonjwa, na Gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula Katwe, akaamuru mji ufungwe kwa saa 48, Jumatatu tarehe 23 na Jumanne tarehe 24 Machi. Katika mji ambao familia nyingi hununua unga wa bukari kwa siku moja tu, siku mbili za kufungiwa ni siku mbili za sufuria tupu. Siku ya pili ya amri hiyo, Rais alitangaza hali ya dharura nchi nzima na kufunga mipaka.

Wiki nne zikawa miezi. Pasaka ikapita. Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, ikapita. Kisha ikapita tarehe 2 Julai bila proclamation, na hapo ndipo naona shule kama jumuiya ilipokatika uzi. Wasioijua siku hiyo wafikirie uwanja wa shule uliojaa wazazi waliovaa vizuri, mkurugenzi akisoma majina kwa sauti kubwa, darasa kwa darasa, nafasi na asilimia, akina mama wakipiga vigelegele na wengine wakijifuta machozi. Siku hiyo mtaa mzima hujua nani kapita na nani atarudia. Ni siku ambayo mzazi asiyejua kusoma anaiona faida ya shule kwa macho yake. Mwaka 2020 haikuwapo.

Masomo ya mbali yalijaribiwa. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, ilirusha kipindi cha Okapi École, na waliokitengeneza walifanya kazi ya maana. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hajifunzi herufi kwa kusikiliza tu. Anahitaji mkono wa mwalimu juu ya mkono wake, na ubao, na wenzake wanaosoma kwa pamoja. Isitoshe, umeme wa mitaani hukatika mara kwa mara, na betri zinanunuliwa kwa fedha ileile ya unga.

Na fedha hiyo ilikuwa imepungua. Makampuni kadhaa ya madini ya Katanga hayakusimamisha uzalishaji. Yaliwafungia wafanyakazi ndani ya migodi kwa wiki nyingi, hali iliyolalamikiwa na mashirika ya haki za binadamu mwezi Juni. Kuna watoto ambao shule ilifungwa na baba naye hakuonekana nyumbani, vyote kwa wakati mmoja. Walimu wa shule binafsi, ambao mshahara wao unatoka kwenye karo, walibaki mikono mitupu tangu mwezi wa kwanza. Ukitaka kujua walioumia kimyakimya kuliko wote, naamini ni hao. Walimu wa shule za umma waliokuwa kwenye orodha ya malipo waliendelea kupata chao, ila walikuwapo wengi waliofundisha miaka mingi bila jina lao kufika kwenye orodha hiyo, na karo ya wazazi iliyowashikilia ilikuwa imefutwa Septemba.

Hali ya dharura iliisha mwezi Julai. Tarehe 10 Agosti waliitwa wanafunzi wa madarasa ya mwisho tu, yaani la sita la msingi na la sita la sekondari, wajiandae kwa mitihani ya taifa. Wengine wote wakapimwa kwa alama walizokuwa wamezipata kabla ya Machi. Hivyo mtoto wa darasa la kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha herufi, akapandishwa la pili.

Mwaka mpya wa masomo ulifunguliwa Jumatatu, tarehe 12 Oktoba 2020. Siku hiyohiyo nchi ya Kenya iliwarudisha darasani watahiniwa wake na watoto wa darasa la nne. Tanzania ilikuwa imefungua shule za msingi tangu 29 Juni. Uganda ilichelewa kuliko wote: huko shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022.

Mwalimu wa Lubumbashi aliyepokea darasa la pili mwezi ule wa Oktoba alipokea watoto waliokaa nyumbani karibu miezi saba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kurudia la kwanza, tena katika chumba kilekile kilichojaa, akiambiwa awaketishe mbalimbali. Umbali wa mita moja kati ya watoto sitini haupatikani katika chumba cha kawaida cha shule zetu, na kila aliyewahi kusimama mbele ya darasa kama hilo anajua. Hata hivyo kazi ilianza kushika, kwa sababu nyimbo za alfabeti na mbio za mapumzikoni zinawarudisha watoto haraka kuliko tunavyodhani.

Hapo ndipo lilipokuja tangazo la 15 Desemba.

Nimepiga hesabu ya tarehe hizo. Kutoka 12 Oktoba hadi 18 Desemba ni siku 67. Kutoka 18 Desemba hadi 22 Februari ni siku 66. Watoto walirudishwa nyumbani kwa muda uleule waliokuwa wamesoma. Mwanzoni mwa Januari, mashati yakiwa yameshafuliwa na kupigwa pasi, serikali ilisema ufunguzi umeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Sentensi hiyo ndiyo iliyoua ile likizo. Likizo ni likizo kwa sababu ina siku ya kurudi. Mtoto anahesabu, mama anaweka akiba ya daftari, mwalimu anatayarisha somo la kwanza. Ukiondoa tarehe, binti wa miaka saba anapewa sinia la mandazi akauze, kaka yake anampeleka mdogo wao sokoni kila siku, na baada ya mwezi kazi hizo zinakuwa ndiyo maisha yao. Mzazi anayefanya hivyo si mzazi mbaya. Anapanga siku zake kwa anachokijua.

Mimi sioni kosa katika uamuzi wa Machi 2020. Hakuna aliyejua ugonjwa utakwenda wapi, na karibu dunia nzima ilifunga. Uamuzi wa kuzikalisha shule za msingi hadi mwishoni mwa Februari ni jambo jingine. Masoko yalikuwa wazi na mabasi yalijaa mchana kutwa. Waliotengwa kabisa ni watoto, waliokuwa wameshapoteza muda mwingi kuliko wote.

Hata mlango wa kurudi haukuwa wa amani. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Februari 2021, milio ya risasi iliuamsha mji: wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi la waasi lililotaka Katanga ijitenge, walikuwa wameshambulia kambi za kijeshi za Kimbembe na Kibati, na watu kadhaa waliuawa. Siku nane baadaye wazazi walewale, waliolala chini ya vitanda na watoto wao, waliwapeleka shule.

Mwaka wa masomo uliofuata ulianza tarehe 4 Oktoba 2021. Ni tarehe 5 Septemba 2022 tu ndipo shule zilipofunguliwa tena mwezi Septemba, kwa mara ya kwanza tangu 2019. Walioingia darasa la kwanza bila karo siku ile ya Septemba 2019 walikuwa sasa wanaanza la nne, na hawajawahi kusoma hata mwaka mmoja uliokwenda kama kalenda inavyotaka.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakurugenzi wa shule za msingi za Lubumbashi na kwa kamati zao za wazazi. Msiyatupe madaftari ya mahudhurio ya miaka hiyo, wala msiyaache yaliwe na mchwa. Majina yaliyoitika tarehe 18 Desemba 2020 na majina yasiyoitika tarehe 22 Februari 2021 yamo humo. Kuyahesabu hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Kunahitaji mwalimu, kalamu na mchana mmoja. Na kama baadhi ya watoto hao bado wako mtaani kwenu, wamekuwa vijana sasa, mnajua nyumba zao. Nendeni mkawaite.