Uvimbe wa taya kwa watoto: Dk. Denis Burkitt na dawa zilizojaribiwa Kampala

Mtoto akivimba taya, wengi wetu hufikiria jino, na mara nyingi ni jino kweli. Lakini ipo saratani ya watoto inayoanza hivyo hivyo. Inaitwa limfoma ya Burkitt, na sehemu kubwa ya historia yake imetokea hapa Afrika Mashariki.

Daktari na ramani yake

Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland wa mwaka 1911, alikuja Uganda mwaka 1946 akiwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akakuta mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika na kuuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kuwa uvimbe huu unaonekana nyanda zenye joto na mvua, na ni nadra kwenye milima yenye baridi. Ramani yao ililingana na ramani ya malaria.

Kirusi na jeni

Burkitt alituma vipande vya uvimbe kwa ndege kwa mtafiti Anthony Epstein, London. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani yake kirusi kipya, kinachoitwa sasa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Karibu kila mtu huambukizwa kirusi hiki, na wengi hawapati madhara makubwa. Lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga inayokizuia, na huzichochea seli za kinga zigawanyike mno. Katika kugawanyika huko, kipande cha kromosomu namba 8 kinaweza kukatika na kujiunga na nyingine, mara nyingi namba 14. Jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli zigawanyike, hukosa wa kuizuia, kama treni iliyokatika breki. Ndiyo maana uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Dawa

Wakati huo Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na kukata taya hakukuponya. Burkitt akajaribu dawa: methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo saratani hii ya mbio iliziitikia vizuri. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala chini ya John Ziegler, na baadaye kikaongozwa na Mganda, Charles Olweny. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Burkitt alifariki mwaka 1993.

Tahadhari moja: vinkristini hutolewa kwenye mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, unaopandwa kwenye nyua nyingi. Usichemshe majani yake ukampa mtoto. Ni sumu, na kipimo sahihi hakipatikani jikoni.

Kwetu Kidete na Kilosa

Malaria tunaijua vizuri huku kwetu, hivyo ugonjwa huu unatuhusu. Dalili zake ni taya kuvimba haraka, meno kulegea bila kuoza, jicho kutokeza nje, au tumbo kujaa na kuwa gumu.

Jino likishang'olewa na uvimbe ukaendelea kukua, msisubiri wiki nyingine. Mpelekeni mtoto zahanati au kituo cha afya, mwombe rufaa ya hospitali. Huko watakata kinyama kidogo cha uvimbe na kukipima. Ikithibitika ni saratani, mtoto hupelekwa hospitali kubwa yenye wataalamu, kama Muhimbili.

Dawa zikianza, uvimbe unaweza kunywea upesi na mzazi akadhani mtoto amepona. Msimwondoe kabla daktari hajasema. Seli chache zilizobaki zinatosha kuurudisha ugonjwa.