Kibanja cha Karagwe: Rutuba Iliyobebwa Kichwani

Kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, nyumba hujengwa katikati ya shamba. Mgeni huona kwanza msitu wa migomba. Nyumba yenyewe huiona akishafika uani. Shamba hilo ndilo kibanja: migomba, mibuni kati yake, maharage na magimbi chini, na miti michache mirefu inayotoa kivuli. Kibanja kikiisha, huanza rweya, nchi ya nyasi ambayo kwa desturi ilikuwa ya malisho ya wote.

Mara nyingi udongo wa pande hizo mbili ulikuwa na asili moja. Tofauti iliyopo leo imetengenezwa na watu. Ng'ombe walishinda wakila rweya na kurudi jioni kulala nyumbani, na samadi yao ikaenda kwenye mashina ya migomba. Nyasi zilikatwa rweya, zikafungwa mizigo, zikabebwa kichwani na kutandazwa ardhini ili kuzuia magugu na kuhifadhi unyevu. Hata ndani ya msonge, ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa hadi chini, sakafu ilitandikwa nyasi, na zilipochakaa zilitupwa kibanjani pamoja na majivu na maganda ya ndizi. Kazi hiyo ilirudiwa mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi, mpaka ardhi ikawa nyeusi na laini. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa mandhari ya nyumbani iliyoundwa kwa makusudi, ingawa hakuna aliyeichora kwenye karatasi.

Mimea mingine nayo ilipewa mahali pake. Omuramura ulipandwa mpakani, na kuung'oa lilikuwa kosa zito. Omutoma ulitoa gome la kutengenezea nguo. Omushambya ulitoa nguzo za nyumba na miti ya kuegemeza migomba iliyolemewa na mikungu. Karibu na nyumba palikuwa na omubirizi, ambao majani yake machungu huchemshwa kutibu homa na maumivu ya tumbo. Wafu walizikwa humohumo kibanjani. Kwa hiyo mgonjwa, mzazi aliyejifungua na mzee asiyeweza tena kutembea mbali walitunzwa mahali penye kivuli, dawa na chakula, karibu na makaburi ya waliowatangulia.

Mpango huu ulitegemea mifugo, na Karagwe ilikuwa nchi ya mifugo. John Hanning Speke na James Grant walipofika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa ukoo wa Wahinda, mwishoni mwa mwaka 1861, walikuta ufalme ambao heshima yake ilipimwa kwa ng'ombe. Miaka thelathini baadaye sotoka iliangamiza makundi ya ng'ombe katika eneo lote la Maziwa Makuu. Vichaka vikaota kwenye malisho yaliyoachwa, mbung'o wakaenea, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki bila watu. Kibanja kisicho na samadi huishi kwa akiba ya udongo, na akiba hiyo haidumu.

Kilichobadilisha sura ya Karagwe baadaye ni kahawa. Kabla ya ukoloni, buni za robusta zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa. Zilitolewa kwa wageni na kutumika katika kuchanjana damu kati ya marafiki, na upandaji wake ulidhibitiwa na watawala. Wajerumani walianzisha kituo chao Bukoba mwaka 1890, na taratibu mbuni ukawa zao la fedha la kila kaya. Waingereza waliowafuata walipotaka kusimamia kwa amri namna ya kuutunza, wakulima wa Bukoba waliandamana mwaka 1937. Vibanja vya pwani ya Ziwa Victoria vilipojaa, watu walihamia magharibi, wakaanzisha vipya kwenye nyasi za Karagwe. Fedha za kahawa zilileta bati, na msonge ukaanza kutoweka.

Bustani ya kudumu haistawi bila haki ya kudumu. Mfumo wa nyarubanja, ambao ulimfanya mkulima kuwa mpangaji wa bwana kwenye ardhi aliyoirutubisha mwenyewe, ulivunjwa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968. Wanawake, ambao mikono yao ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi, walingoja zaidi. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka Kagera, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Hukumu hiyo ilichelewa mno, lakini ilikuwa ya haki.

Wakati huo pigo jingine lilikwishaingia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ugonjwa uliondoa watu wazima wenye nguvu, na kazi iliyosimama mapema ilikuwa ile ya kukata na kubeba nyasi. Fukusi wa migomba walishamiri kwenye mashamba yaliyodhoofika, na mwaka 2006 ukathibitika mnyauko wa bakteria. Kibanja kilichokosa matunzo hugeuka kikamba, shamba lililochoka lenye migomba michache myembamba.

Juhudi za kufufua zimefuata njia mbili. Shirika la Vi la Uswidi, lililoanza kazi Kagera mwaka 1994, lilihimiza kilimo mseto na miti, na mgrivea wenye asili ya Australia sasa umezoeleka mipakani. Njia ya pili ni kurudisha kila taka ardhini. Shirika la MAVUNO la Karagwe, likishirikiana na wahandisi na watafiti kutoka Berlin, lilijaribu vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi. Vijidudu vya kinyesi huuawa kwa joto, kisha kinyesi huchanganywa na mkaa, majivu na mabaki ya mimea kutengeneza mboji. Katika majaribio ya shambani ya mwaka 2014, mboji hiyo iliongeza mavuno ya mahindi, ikapunguza tindikali ya udongo na kurudisha fosforasi.

Uzito wa kazi hiyo huonekana ukitazama rweya ilivyo sasa. Sehemu zake nyingi zimepandwa misonobari na mikaratusi au zimegawiwa watu binafsi, na ng'ombe wengi hufungiwa bandani. Kibanja kilichozoea kulishwa na nchi ya nje sasa hulishwa zaidi na banda, jiko na choo cha kaya yenyewe.