Mathenge: mti ulioitwa kusaidia, ukakataa kuondoka

Mvua ikinyesha tena hapa Kakuma, vijana wa bloku nyingi watatoka na mapanga kufyeka mathenge inayofunga njia za kwenda vyooni na bombani. Kazi nzuri. Lakini kabla hujashika panga, ujue kwanza huu mti umetoka wapi, nani aliuleta, na kwa nini kila mwaka tunafyeka na kila mwaka unarudi.

Wataalamu wanauita Prosopis juliflora. Waturkana wanauita etirae. Kwao ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, yaani ng'ambo kabisa ya bahari. Hakuna mkimbizi aliyeubeba kwenye mzigo wake. Nasema hivi kwa sababu nimeshasikia mtu sokoni akisema, "Nyinyi na mathenge ni kitu kimoja, mlikuja wachache mkajaa." Maneno hayo yanauma. Basi tuangalie historia yenyewe inasemaje.

Sudan ndiyo iliupokea mapema. Mwaka 1917 mbegu zililetwa kutoka Misri na Afrika Kusini, zikapandwa karibu na Khartoum. Walitaka mti wa kuzuia mchanga wa jangwa, na kweli ulizuia. Lakini ulienea mpaka kwenye mashamba na mifereji ya maji, na mwaka 1995 serikali ya huko ikaamuru ung'olewe. Miaka 78 kati ya kupanda na kuamuru kung'oa! Ndugu zetu wa Sudan wanaosoma hapa wanaujua vizuri kuliko mimi.

Kenya ilianza mwaka 1973, kule Bamburi karibu na Mombasa. Machimbo ya mawe ya saruji yalikuwa yameacha ardhi tupu kama mfupa, wakatafuta miti inayoweza kuota hapo. Miaka ya 1980 serikali na wafadhili wakaupeleka Baringo, Turkana na Tana River. Sababu zao zilikuwa za maana. Ukame ulikuwa umeua mifugo, kuni zilikuwa zinaisha, upepo ulikuwa unabeba udongo. Hapo ukaonekana mti usioogopa jua wala chumvi, mizizi yake inafuata maji chini kabisa, unatoa kuni, kivuli na maganda matamu ya mbuzi. Nani angekataa?

Shida ilijificha kwenye utamu huohuo. Mbuzi na ng'ombe wanakula maganda, mbegu ngumu inapita tumboni bila kusagika, inatoka na mavi ikiwa na mbolea yake tayari. Mafuriko ya laga yanabeba mbegu nyingine. Hivyo mti unafuata njia za mifugo na njia za maji, yaani pale pale ambapo mfugaji anahitaji majani.

Baringo waliumia sana. Wazee wa jamii ya Ilchamus waliona malisho yao yakigeuka msitu wa miiba. Sukari ya maganda iliozesha meno ya mbuzi, na mbuzi asiye na meno hawezi kula, anakonda na kufa akiwa karibu na chakula. Mwaka 2006 wakaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mpaka mahakamani Nairobi awe ushahidi. Watu wengine walicheka habari ile. Lakini fikiria, ukiwa mfugaji, huyo mbuzi ndiye karo ya mtoto wako. Mwaka 2008 Kenya ikautangaza mathenge rasmi kuwa magugu hatari. Mti uleule uliopandwa kwa mradi!

Sasa tuje kwetu wakimbizi. Baada ya vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, watu wengi walikimbilia Somalia, na miaka ya 1980 kulikuwa na miradi ya kupanda miti ya kuni kwenye maeneo ya wakimbizi kule. Mathenge ilikuwa kati ya miti hiyo. Wasomali wengine wanauita garanwaa, maana yake "usiojulikana". Dadaab ilipofunguliwa 1991 na Kakuma 1992, mathenge ilikuwa tayari imeingia Kenya. Sisi tuliukuta. Ila tusidanganyane, maji yanayomwagika bombani na mbuzi wanaotembea kati ya bloku vimeusaidia kuongezeka.

Na hapa ndipo jambo linakuwa gumu. Mti huu tunaoulaani ndio unaopika uji wetu. Kuni za mgao haziishi mwezi, basi mama anaingia kichakani. Huko anakutana na miiba, nyoka, wakati mwingine na watu wabaya. Dadaab wanawake walishambuliwa sana wakitafuta kuni, mpaka mwaka 1998 mradi wa kugawa kuni ukaanzishwa. Pia Mturkana anauza mkaa wa mathenge, ndiyo riziki yake. Ukisema "tung'oe yote", lazima pia useme mama atapika na nini.

Kwa hiyo mimi nashauri tuondoe mathenge pale inapofunga njia, karibu na nyumba, vyoo, shule na bomba, na tuifanye kwa akili.

Kwanza, ruhusa. Ongeeni na kiongozi wa bloku na wazee wa jamii mwenyeji. Ardhi ni yao, na ugomvi mwingi wa huku unaanzia kwenye mti mmoja.

Pili, kinga. Sandali haitoshi, mwiba unatoboa hata tairi la bodaboda. Vaa viatu vigumu, glavu nene, shati la mikono mirefu, na kitu cha kukinga macho. Piga kichaka kwa fimbo ndefu kwanza, nyoka aondoke. Mwiba ukiingia, osha kwa maji safi na sabuni. Kama ncha imebaki ndani, au kidonda kinavimba, nenda kliniki siku hiyohiyo na uulize sindano ya pepopunda. Usichokonoe kwa wembe.

Tatu, usikate juu ukaondoka. Ukikata shina juu ya ardhi, linachipua matawi mengi kuliko mwanzo. Ndiyo maana tunafyeka kila mwaka. Chimba kwa jembe na sururu, ukate mzizi chini ya sehemu ile inayochipua, karibu urefu wa kiganja au zaidi ndani ya udongo. Miche midogo ing'oe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

Nne, okota maganda. Baringo walifundishwa kuyasaga kuwa unga wa mifugo. Mbegu ikishasagwa haioti tena. Matawi yagawiwe akina mama kwa kuni, wazee na wagonjwa waanze. Halafu rudini baada ya mvua inayofuata, maana mbegu zilizobaki udongoni zitaota.

Kwa nyinyi wa mashirika, historia hii ina swali moja. Waliopanda mathenge hawakuwa watu wabaya. Walikuja na mradi wa miaka michache, wakaondoka, mti ukabaki na wenyeji. Mfugaji wa Ilchamus angeulizwa mapema maganda yatakwenda wapi na mbuzi, pengine angejibu, maana njia za mbuzi wake anazijua. Mkileta kitu kipya kambini, tuulizeni sisi na Waturkana kabla hakijaota mizizi.

Na yule wa sokoni, jibu lake ni hili: mathenge haikuchagua kuja, na haiwezi kusaidia kufyeka. Sisi tunaweza. Wa bloku gani mko tayari mvua ikija? Andikeni hapo chini, tupange sururu.