Jinsi ya kuondoa rangi kwenye vioo vya taa za gari bila kuviharibu

RANGI inayorukia vioo vya taa za mbele gari linapopulizwa rangi gerejini ni jambo ambalo wenye magari wengi hulichukulia kuwa dogo. Gari limeng'aa, fundi amelipwa, na vidoa vichache kwenye taa havimnyimi mtu usingizi. Hata hivyo, vidoa hivyo, na hasa namna vinavyoondolewa, ndivyo vinavyoweza kuamua iwapo dereva ataiona njia usiku au la.

Suala hili lina uzito wa aina yake katika kaunti ya Murang'a. Barabara zinazopanda kutoka mjini Murang'a kuelekea Kangema na Kiriaini hufuata miteremko ya milima ya Nyandarua, zikishuka mabondeni na kupanda tena kwa kona baada ya kona. Katika miezi ya baridi, kati ya Juni na Agosti, ukungu hutanda asubuhi na jioni. Sehemu nyingi hazina taa za barabarani, ilhali watu huamka alfajiri kupeleka maziwa, kuwahi mashamba ya majani chai au kwenda shuleni. Kwa miaka mingi, takwimu za ajali nchini Kenya zimeonyesha kuwa wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani.

Upigaji rangi magari nao una historia yake eneo hili. Marehemu John Michuki, aliyekuwa mbunge wa Kangema, ndiye aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi kanuni mpya za matatu zilipotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, kanuni hizo, maarufu kama "sheria za Michuki", zilitaka matatu ziwe na mstari wa manjano. Tangu hapo rangi ya matatu imekuwa jambo la sheria, wala si la urembo pekee.

Lakini bomba la kupulizia rangi halichagui mahali pa kulenga. Vumbi laini la rangi husafiri na upepo. Pale kazi inapofanyiwa uwanjani au chini ya mabati yasiyo na kuta, kama ilivyo katika gereji nyingi za juakali, vumbi hilo hutua kwenye taa ambazo hazikufunikwa vyema, na hata kwenye magari jirani yaliyokuja kurekebishwa breki tu.

Kioo au plastiki?

Hatua ya kwanza ni kujua taa imetengenezwa kwa kitu gani. Magari ya zamani, kama vile Peugeot 504 na Land Rover za miaka ya 1970, yalikuwa na taa za kioo halisi. Magari mengi yanayoonekana barabarani leo, zikiwemo Toyota Probox na matatu za kisasa, yana taa za plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ijapokuwa watu bado huiita "kioo".

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Kioo kikigongwa kwa ukucha hutoa mlio mkali na huwa baridi kinapoguswa asubuhi. Plastiki hutoa mlio mzito. Kadhalika, taa nyingi za plastiki huwa na herufi "PC" au "PL" zilizochorwa ukingoni.

Iwapo ni kioo halisi, kazi ni nyepesi. Rangi iliyoganda huweza kulainishwa kwa thina na kukwanguliwa taratibu kwa wembe, mradi thina isiguse rangi ya bodi wala mpira unaozunguka taa. Kioo hakiyeyuki.

Polikaboneti haistahimili hayo. Thina, petroli na asetoni huishambulia na kuitia nyufa ndogo mno zinazofanana na utando wa buibui. Nyufa hizo hazikai juu tu bali huingia ndani, na hakuna msasa utakaoziondoa zote. Fundi anayelowesha kitambaa kwa thina na kufuta taa ya plastiki huenda akaondoa rangi kwa dakika moja na kuiharibu taa kwa maisha yake yote.

Utando usioonekana

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa na pupa. Taa ya plastiki hutoka kiwandani ikiwa imepakwa utando mwembamba na mgumu usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaoikinga plastiki dhidi ya mikwaruzo na miale ya jua ya urujuanimno. Ukiisha, plastiki hugeuka manjano, kisha huwa na ukungu usiofutika.

Miale hiyo ni mikali katika miji iliyo karibu na Mlima Kenya. Ikweta hupita Nanyuki, na Murang'a iko chini ya nyuzi moja kusini mwake. Mji wa Murang'a uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, nao wa Nyeri zaidi ya mita 1,700. Shirika la Afya Duniani (WHO) hueleza kwamba nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Isitoshe, magari mengi huingizwa nchini yakiwa yametumika tayari, kwa kuwa Kenya huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka minane. Utando wa taa huwa umeanza kuchakaa kabla gari halijafika Mombasa.

Kwa hivyo, kanuni kuu katika kazi hii ni kuanza na njia iliyo laini zaidi na kupanda ngazi pale tu njia hiyo inaposhindwa. Rangi ikitoka bila kusuguliwa kwa msasa, utando wa kiwandani husalia na kazi huishia hapo.

Hatua kwa hatua

Kwanza, taa ioshwe kwa maji mengi na sabuni ili mchanga wote utoke. Mchanga ukisuguliwa juu ya plastiki hukwaruza kama msasa.

Pili, kitambaa laini kilichotiwa alkoholi ya isopropili kipitishwe juu ya vidoa kwa kukandamiza na kufuta, mara kadhaa, kisha taa ioshwe tena. Alkoholi hiyo haidhuru polikaboneti ikitumiwa kwa muda mfupi. Rangi ambayo haijakauka kabisa aghalabu hutoka hapa.

Tatu, vidoa vikikaidi, utumiwe udongo maalumu wa kusafishia bodi za magari, ambao huuzwa katika maduka ya vipuri. Taa iloweshwe kwa maji ya sabuni, kisha udongo huo upitishwe juu yake bila nguvu. Matone makubwa yanaweza kubanduliwa kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Wembe na kisu havina nafasi hapa.

Nne, iwapo rangi bado imeng'ang'ania, au taa tayari imekuwa manjano, ndipo msasa unapoingia. Bodi inayozunguka taa ifunikwe kwa tepu. Msasa wa maji wa namba 800 hutangulia, ukifuatwa na 1000, 1500, 2000 na hatimaye 3000. Maji yasikatike hata kidogo, kwani msasa mkavu hutoa joto na kuacha alama. Kila msasa usuguliwe kuelekea upande unaokatiza ule wa awali, mlalo kisha wima, ili mikwaruzo iliyosalia ionekane kwa urahisi. Asiyefuta mikwaruzo ya namba 800 kabla ya kuendelea ataikuta pale pale mwishoni. Taa ambayo haijachakaa sana inaweza kuanzia namba 1000 au 1500.

Tano, taa ing'arishwe kwa dawa ya kung'arishia rangi ya gari, kwa kitambaa laini au mashine ya mwendo wa polepole. Mashine ikikaa mahali pamoja huunguza plastiki.

Sita, na hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, utando uliosuguliwa urejeshwe. Alkoholi hutumiwa kuondoa mafuta ya dawa, kisha taa hupakwa vanishi angavu yenye kinga dhidi ya miale ya jua. Mkono wa kwanza uwe mwepesi mno, kwa kuwa vanishi nayo ina viyeyushi. Vanishi ya kuchanganya na kigumishi hudumu zaidi, lakini mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Anayeipuliza avae kinyago kinachofaa na afanyie kazi mahali penye hewa.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Taa iliyosuguliwa na kuachwa bila kinga hung'aa siku ya kwanza, kisha hurudi kuwa na ukungu baada ya miezi michache, mara nyingi kuliko ilivyokuwa awali.

Dawa za mkato

Dawa ya meno hung'arisha kwa sababu ina chembechembe zinazosugua, lakini haiachi kinga yoyote. Dawa ya kupaka ya kufukuzia mbu iliyo na kemikali ya DEET ni mbaya zaidi: mng'ao unaoonekana hutokana na kuyeyuka kwa sehemu ya juu ya plastiki.

Kubadilisha balbu kwa zile kali pia si suluhu. Ukungu na vidoa hutawanya mwanga kila upande, hivyo balbu kali nyuma ya kioo kichafu humwongezea anayekuja mbele mng'ao wa kumpofusha macho.

Mnamo 2018, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitangaza matokeo ya majaribio yake. Taa za plastiki zilizochakaa zilitoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Kuzisugua na kuzing'arisha kulirejesha mwanga hadi takriban asilimia 70.

Kwa hivyo, zipo taa zisizofaa tena kuokolewa: zenye nyufa za thina, zinazoingiza maji, au ambazo kiakisi cha ndani kimebabuka. Hizo zibadilishwe. Mnunuzi ahakikishe kuwa taa anayopewa ni ya nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Kenya na Japani. Vinginevyo mwanga utawaelekea madereva wanaokuja.

Kazi ikikamilika, gari liegeshwe jioni mahali tambarare, mita saba au nane kutoka ukutani, na taa za chini ziwashwe. Miale miwili iwe ya kimo kimoja na ukingo wake wa juu uonekane wazi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari kulidumisha, pamoja na taa zake, katika hali isiyohatarisha wengine. Na kwa anayepuliza rangi, kufunika taa kwa gazeti na tepu kabla ya kushika bomba huchukua dakika chache tu, na huwaepushia wengine kazi hii yote.